Maji ya Kwa Mungu

Mtungi wa lita ishirini una sauti yake unapojaa. Mwanzoni maji hugonga chini kwa kishindo kizito, kama mtu anayepiga ngoma iliyolegea. Yakifika nusu, sauti huanza kupanda na kuwa nyembamba, hadi yakikaribia shingo unasikia kama mluzi mfupi, na hapo yeyote aliyekulia kwetu hunyoosha mkono akafunga mfereji bila kuangalia. Hapa Kawangware ninakoishi sasa, maji hutoka mara mbili kwa wiki kwenye mfereji mmoja wa ploti yetu ya wapangaji. Asubuhi hizo, nikisikia mitungi ya majirani ikijaa mmoja baada ya mwingine, naacha chochote ninachofanya. Mume wangu alizoea kuniuliza kuna nini. Siku hizi haulizi.

Wacha niwaambie nyinyi, maana kwa miaka mingi sikumwambia mtu.

Tulikuwa tukiishi Kambi Muru, Kibera, chumba kimoja cha udongo na mabati, mlango ukitazama kichochoro chembamba kiasi kwamba watu wawili wakikutana ilibidi mmoja ajibanze ukutani. Tulikuwa wanne. Baba, Mama, mimi Nekesa niliyekuwa na miaka tisa, na mdogo wangu Wafula, ambaye alikuwa ndiyo kwanza ameanza kutembea bila kushika kiti. Kwetu Bungoma jina hilo hupewa mtoto wa kiume aliyezaliwa wakati wa mvua, na kweli alizaliwa paa likivuja, Mama akinituma nihamishe sufuria kutoka tone moja hadi jingine. Wafula alikuwa na mashavu kama maandazi na maneno mawili matatu tu. Moja lilikuwa "maa". Lilikuwa ndilo jina la Mama, na ndilo jina la maji pia. Akilia "maa", tulimpa kikombe kwanza, akikisukuma ndipo tulijua anataka mtu.

Wazazi wangu hawakuwa wavivu. Nalisema hili mapema kwa sababu nimesikia watu wakizungumza juu ya mitaa yetu kana kwamba tuliamka saa nne tukajinyoosha. Baba alifanya kazi ya mjengo. Alitoka jua halijachomoza, akatembea hadi walikokuwa wakijenga maghorofa, akabeba kokoto na kuchanganya saruji hadi nywele zake zikawa na rangi ya ukuta. Mama alikuwa mama wa kufua. Siku tatu za wiki alikuwa na nyumba moja ya uhakika kule Lavington. Siku nyingine alikaa kando ya barabara pamoja na wanawake wengine, ndoo mapajani, wakingoja gari lisimame na mtu aseme anataka mmoja.

Hata hivyo pesa haikufika mwisho wa wiki. Tulinunua kila kitu kwa kupimiwa. Mafuta ya kupikia tulipimiwa kwa kikombe kidogo cha bati, unga kwa kopo la gorogoro au nusu yake, sukari katika karatasi iliyosokotwa, na mafuta ya taa kwa chupa iliyowahi kuwa ya dawa ya kikohozi. Mama aliwahi kuangalia bei ya mafuta ya kupikia kwenye dumu kubwa la tajiri wake, akapiga hesabu njia nzima ya kurudi nyumbani. Alipofika akatuambia kwamba kijiko kimoja cha mafuta kilikuwa kikitugharimu sisi zaidi ya yule mama wa Lavington. Alicheka alipokuwa akisema. Baba hakucheka. Alikuwa na msemo wake: "Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba chetu kimetoboka."

Maji vilevile. Mama alikuwa akitusimulia jinsi nyumba ile ilivyokuwa na mfereji jikoni, mfereji bafuni, mfereji wa kuoshea gari, na mwingine nje wa kumwagilia maua. Alishinda mchana kutwa mikono ikiwa majini mpaka vidole vikakunjamana, kisha akarudi kwenye chumba ambacho maji yake yalikaa katika mtungi mmoja nyuma ya mlango. Siku moja aliomba ruhusa ajaze mtungi huko huko kazini. Tajiri wake akakubali. Lakini kwenye stendi kondakta aliutazama ule mtungi, akasema huyo ni abiria mzima, alipiwe nauli. Mama akaumwaga kwenye maua ya watu, akarudi na mtungi mtupu. Tulilicheka jambo hilo wiki nzima.

Maji tuliyanunua kwa Mzee Juma, upande wa Makina. Alikuwa mzee mrefu mwenye kofia nyeupe, na alikuwa na tangi jeusi lililoinuliwa juu ya mawe, na mfereji mmoja aliokuwa akiufungua na kuufunga yeye mwenyewe. Hakukopesha. Alikuwa mpole katika mambo mengine yote, aliuliza habari za shule na kutoa tende wakati wa Ramadhani, lakini ukimwambia utalipa kesho alikuwa akifunga mfereji taratibu na kumwita anayefuata. "Kiu haingoji kesho," alisema, "na mimi pia nimeuziwa." Kando ya tangi lake alikaa mama mmoja mzee Mnubi aliyekaanga bhajia. Watoto wote tulimwita Habuba, maana ndivyo wajukuu wake walivyomwita, yaani bibi.

Mwaka huo mvua zilichelewa. Kwanza vumbi la kichochoroni likawa laini kama unga. Kisha mfereji wa Mzee Juma ukaanza kukohoa, ukitema hewa na maji kwa zamu. Mtungi uliokuwa shilingi tano ukawa kumi, na mwisho wa mwezi ukawa ishirini. Mitungi ya manjano ilipangwa foleni tangu alfajiri ikiwakilisha wenyewe waliokwenda kazini, mingine ikiwa imefungwa kitambaa chekundu shingoni ili isiibwe. Mzee Juma akigonga tangi lake kwa kifundo cha kidole, lilitoa mlio mtupu, na watu wote kwenye foleni walinyamaza kuusikiliza.

Kwetu nyumbani maji yalianza kufanya kazi nyingi. Yaliyoosha mchele yaliosha vyombo, yaliyoosha vyombo yalipigia deki, na ya deki yalimwagwa mlangoni kutuliza vumbi. Mama aliniachia sarafu ya shilingi ishirini chini ya kopo la chumvi kila asubuhi. Nikitoka shule niichukue, niende kwa Mzee Juma, nilete mtungi mmoja. Zamani alikuwa akichemsha maji yote ya kunywa. Mafuta ya taa yalipopanda, akachemsha ya Wafula peke yake. Baadaye hata hayo akawa anayapasha tu, anayaepua kabla hayajatoa mapovu.

Aliyenionyesha mahali pengine pa kuchota ni rafiki yangu Achieng, tuliyesoma naye darasa moja. Alinikuta nimesimama kwenye foleni, mtungi wangu ukiwa wa arobaini na kitu.

"Niaje, Neke," akasema. "Utazeeka hapa. Kuja nikuonyeshe place ya bure."

"Wapi?"

"Kwa Mungu."

Nilidhani ananichezea. Tulishuka kati ya nyumba mpaka nyuma ya vyoo vya mistari ya nyumba za chini, mahali ambapo mtaro mweusi ulipita polepole ukibeba mifuko na maganda. Ndani ya mtaro ule, zikiwa zimelala kama nyoka wanaoota jua, zilipita paipu za plastiki za wauza maji. Moja ilikuwa na jeraha kwenye maungio. Mtu alikuwa ameifunga kwa mpira wa tairi la baiskeli, na kwenye ule mpira maji yalichuruzika yakitoa sauti ya mtu anayenyamazisha mtoto. Achieng alikuwa na kipande cha chupa alichokiweka kama mdomo. Maji yalitoka meupe. Niliinama nikayatazama vizuri kwa sababu nilitaka kuyaona machafu, lakini yalikuwa meupe kuliko ya kwenye tangi.

"Ya nani?" nikauliza.

"Si nimekuambia. Hakuna mtu anauza hapa. Ni ya Mungu." Kisha akaniangalia kwa jicho moja. "Na ile doo ya mathe wako, si utajua cha kufanya nayo?"

Nilijua cha kuifanyia ile sarafu ya Mama. Shuleni kulikuwa na chakula cha mchana kwa waliolipiwa, na mimi sikuwa miongoni mwao. Saa sita nilikuwa nikienda kukaa upande wa pili wa darasa, ambako upepo haukuleta harufu ya githeri, yale mahindi na maharagwe yao. Jioni hiyo nilibeba maji ya Mungu hadi nyumbani, kisha nikapanda kwa Habuba na ile sarafu, nikanunua bhajia za moto kwenye gazeti. Nilikula nikitembea. Nne nilimwekea Wafula. Alizishika kwa mikono miwili, mafuta yakamtiririka hadi kwenye viwiko, akacheka. Kama mngemwona, nanyi mngeona kwamba hakuna dhambi iliyotendeka.

Kwa hiyo nilirudi tena na tena. Majuma matatu, nadhani. Sikumwambia mtu. Niliona wengine wakifika pale, wanawake waliojifunika leso hadi puani, wakichota haraka bila kusalimiana. Kule hakuna aliyemwona mwenzake.

Jioni moja Baba alirudi na kikohozi cha saruji, akanywa vikombe viwili mfululizo. Akauliza kama maji yamechemshwa.

"Ni ya kununua," Mama akajibu. "Ya kununua ni safi. Tusimalize mafuta ya taa bure."

Alisema hivyo akiwa amenipa mgongo, akichambua sukuma wiki. Mimi nilikuwa nimekaa kitandani na daftari mapajani. Ni mimi peke yangu niliyejua kwamba hayakuwa ya kununua. Nilitaka kusema. Nilifungua mdomo kabisa. Lakini kusema kuhusu maji kulimaanisha kusema kuhusu bhajia, kwa hiyo nikaufunga, na Baba akanyoosha mkono akajaza kikombe cha tatu.

Siku zilizofuata mambo yalianza kubadilika mtaani. Mtoto wa mistari ya juu alipelekwa hospitali, kisha mama yake naye. Gari lenye kipaza sauti lilipita barabara kubwa likisema tuchemshe maji, tunawe mikono. Wafula, aliyependa muziki, alisimama mlangoni akakatika kiuno, akidhani ni wimbo. Nzi waliongezeka. Nilikuwa nikiamka asubuhi nikimwangalia Wafula tumboni, kama linapanda na kushuka, kisha ndipo nivae nguo za shule.

Jumapili mvua ikanyesha. Nyinyi ambao hamjaingoja mvua hamwezi kujua furaha ile. Watu walitoka na masufuria, na mabeseni, na vifuniko. Baba alisimama nje bila shati, saruji ikimtoka nywelini na kumchora mistari ya kijivu mgongoni. Tulijaza kila tulichokuwa nacho, na tulichokuwa nacho ni mtungi, sufuria mbili na karai. Kufikia Jumatatu mchana yalikuwa yamekwisha, na jua likawa limerudi kama vile halikuwa limeondoka.

Jumatatu hiyo nilishuka kwa Mungu. Mtaro ulikuwa umefurika Jumapili yote, na sasa ulikuwa umeshuka ukiacha tope jeusi juu ya kila kitu. Kipande cha chupa cha Achieng kilikuwa kimesombwa. Ile paipu ilikuwa imezama, imebaki kigongo chake tu, na ule mpira wa baiskeli ulikuwa chini ya maji ya mtaro. Nilivua viatu, nikaingia, nikainyanyua kwa mikono. Kwa muda haikutoa kitu. Ikanyonya, kama mtu anayevuta pumzi, kisha ikatema maji ya rangi ya chai, halafu meupe. Niliinusa mikono yangu. Kulikuwa na harufu kidogo, kama ya yai lililochemshwa likasahauliwa. Nilisimama pale muda ambao hata leo ningeweza kuupima. Sarafu ilikuwa mfukoni mwa sketi. Makina ilikuwa mwendo wa dakika kumi. Nikajaza mtungi.

Jumatano Wafula alianza kuhara. Jumatano jioni alitapika pia. Mama alimfunga nepi za vitambaa vya shuka kuukuu hadi vitambaa vikaisha. Alhamisi asubuhi alikuwa bado anahara, lakini alikuwa amenyamaza, na Mama akauchukulia ule ukimya kuwa nafuu. Alhamisi ilikuwa siku ya mashuka kule Lavington, na tajiri wake alikuwa amekwisha kumwambia mara moja kwamba wanawake wa kando ya barabara ni wengi. Alisimama mlangoni na ndoo yake, akatoka, akarudi, akatoka tena.

"Nekesa, leo usiende shule," akaniambia. "Umpe maji ya chumvi na sukari, kijiko kimoja kimoja. Akilala usimwamshe. Nitafua upesi nirudi." Akaweka sarafu chini ya kopo la chumvi. Na mimi nikamwona akisimama hapo, mkono ukiwa bado juu ya kopo, akitaka kusema neno. Hakulisema.

Nilichanganya chumvi na sukari kama alivyonionyesha. Nilichota maji kwenye mtungi nyuma ya mlango. Kijiko cha kwanza kilipofika mdomoni mwa Wafula, akafungua macho, akasema, "Maa." Nikampa. Akasema tena. Nikampa cha tatu, na ndipo nilipokiweka kijiko chini, kwa maana nilijua ninampa nini. Niliumwaga mtungi wote kichochoroni. Majirani waliniona nikimwaga maji mazuri mchana kweupe, wakadhani nimerukwa na akili. Kisha nikamfunga Wafula mgongoni kwa leso ya Mama, nikachukua sarafu na mtungi, nikapanda Makina. Alikuwa mwepesi. Wiki iliyotangulia nilikuwa nikimbeba nikihema.

Sikupanga foleni. Nilikwenda moja kwa moja mbele, watu wakaanza kulalamika, halafu wakaacha. Mzee Juma aliniangalia, akaangalia nyuma yangu, akafungua mfereji. Nilipompa ile sarafu akaukunja mkono wangu juu yake. "Leo weka," akasema. Nilijaza kikombe kwanza nikamgeuza Wafula mbele, nikamnywesha pale pale maji safi ya kununua. Nilimwambia moyoni kwamba sasa tumeanza upya.

Habuba aliacha karai lake la mafuta kwenye moto. Alikuja, akamfunua Wafula tumbo, akaifinya ngozi kwa vidole viwili. Ngozi ilibaki imesimama kama kitambaa kilichobanwa. Habuba hakupiga kelele. Alimchukua mikononi mwangu, akaanza kukimbia. Sikuwahi kumwona mtu wa umri ule akikimbia. Ndala zilimtoka miguuni moja baada ya nyingine na mimi niliziokota nikimfuata.

Kliniki ilikuwa imejaa watoto. Walimtafuta Wafula mshipa kwenye mikono, kwenye miguu, mwisho kichwani. Muuguzi kijana mwenye macho mekundu kwa uchovu alichuchumaa mbele yangu akiwa na karatasi.

"Nyumbani mnakunywa maji ya wapi?"

"Ya kununua," nikasema.

"Siku zote?"

"Siku zote."

Akaandika. Niliiona kalamu ikiandika.

Wafula alifariki mchana huo, kabla ya saa nane. Mama alifika nyumbani saa tisa, mikono yake ikiwa bado na mikunjo ya maji ya Lavington. Hakuna aliyekuwa na namba ya kumpigia kule kazini. Alifua mashuka yote, akaanika, akarudi mapema kama alivyoahidi, na Habuba alimkuta kichochoroni akiutafuta mtungi ambao haukuwepo nyuma ya mlango.

Hatukuweza kumpeleka Bungoma. Watu wa mjengo walichanga, majirani walichanga, lakini michango ile haikutosha gari, na Baba akaamua alazwe hapa hapa Nairobi, mahali ambapo kaburi lina namba. Nadhani hilo ndilo lililomvunja Baba zaidi. Miezi michache baadaye tulihamia Kawangware, ili Mama aweze kwenda kazini kwa miguu. Mvua zilikuwa zimerudi na maji yameshuka bei.

Tangu hapo Mama alichemsha kila tone. Alichemsha ya kunywa, ya kupigia mswaki, hata ya kuoshea sukuma. Siku nyingine tulikula ugali mkavu kwa sababu mafuta ya taa yameishia kwenye maji. Alikuwa akisimama juu ya stovu akiyaangalia yakitokota, akayaacha yatokote muda mrefu kupita kiasi, na kila alipofanya hivyo nilidhani ananiambia jambo. Nilidhani anajua. Nilikua nikiwa na hakika kwamba mama yangu alijua nilichofanya na alikuwa amechagua kunisamehe bila kusema, na msamaha usiosemwa ni mzigo mzito kwa mtoto. Niliacha kula bhajia. Nilisoma kwa bidii ya mtu anayelipa.

Mwaka jana binti yangu aliugua tumbo. Halikuwa jambo kubwa, alipona siku ya pili. Lakini Mama, ambaye siku hizi anaishi mlango wa tatu kutoka kwetu, alikuja akakaa kando ya kitanda chake kutwa nzima bila kuvua leso kichwani. Mchana mtoto alipolala, tuliketi wawili mlangoni tukichambua maharagwe. Sijui nilianzaje. Nilijisikia tu nikisema jina la Achieng, na mtaro, na paipu, na sarafu za chini ya kopo. Nilimwambia kuhusu Jumatatu na ile harufu mikononi. Nilimwambia nilichomjibu muuguzi.

Mama hakuacha kuchambua maharagwe. Aliyasukuma mabovu pembeni, moja moja.

"Mpira wa baiskeli," akasema. "Paipu ilikuwa imefungwa kwa mpira wa baiskeli."

Nilimwangalia.

"Na mimi nilikuwa nachota hapo, Nekesa. Kabla wewe hujaanza. Nikitoka kazini, napita na ndoo ya kufulia. Unafikiri yale maji yako yalikuwa yanatutosha? Nilikuwa naongeza kwa mtungi nyinyi hamuoni." Alitupa harage moja pembeni. "Baba yako akiuliza, nasema ni ya kununua. Ile asubuhi ya Alhamisi nilitaka kukuambia usimpe hayo maji, uende ununue. Nikaona aibu. Nikasema nitarudi mapema."

Kulikuwa na wanawake wangapi pale mtaroni, waliojifunika leso hadi puani? Sikuwahi kuwaangalia nyuso. Hata yeye labda aliwahi kuniona mgongo akanipisha.

"Lakini nilikuja kumnunulia," nikasema. "Ile siku. Nilimpa ya Mzee Juma."

Hapo ndipo alipoyaacha maharagwe. Akanitazama kama mtu anayepima kama ataniambia au ataniacha.

"Ile paipu ilikuwa ya Mzee Juma," akasema. "Ilipanda moja kwa moja hadi kwenye tangi lake. Habuba aliniambia baada ya mazishi. Mzee mwenyewe hakujua imetoboka huko chini, alikuwa anashangaa tu mbona tangi halijai. Alipojua alifunga ile kazi, akarudi kwao. Hata yeye alikuwa na mjukuu aliyekunywa maji hayo hayo."

 Kwa miaka yote nilikuwa nimeigawa dunia ya utoto wangu kuwa maji ya kulipa na maji ya bure, ya usalama na ya dhambi, na nilikuwa nimejiweka mwenyewe upande wa dhambi. Kumbe yalikuwa maji yale yale, yamelala katika mtaro ule ule, na tofauti yake ilikuwa ni shilingi ishirini na foleni tu. Nilitegemea kusikia hivyo kungenipunguzia mzigo. Nilimtazama Mama nikitafuta ule unafuu usoni mwake, maana yeye alikuwa amekaa na jambo hilo miaka yote, na sikuuona.

"Basi hakuna aliyekosea," nikamwambia.

"Yangechemshwa yangekuwa maji tu," Mama akajibu. "Jumatatu hiyo kwenye chupa kulikuwa na mafuta ya taa ya kazi moja tu, kuchemsha maji au kusonga ugali. Baba yako alikuwa amebeba kokoto siku nzima. Wewe ulikuwa hujala mchana, unafikiri nilikuwa sijui huli mchana? Nikasonga ugali."

Akayavuta tena maharagwe mapajani mwake, akaendelea. Mimi nilikaa nikiukumbuka ule ugali. Niliukumbuka vizuri, kwa sababu ulikuwa mwingi kuliko kawaida, na Wafula alikaa mapajani mwangu nikimkatia matonge madogo, na sote wanne tulishiba.